Kivuli cha Nondo Shavuni

Tarehe 3 Machi

Kwa binti yangu, mwenye kamera kubwa na barua fupi,

Nimeipata barua yako. Nimeisoma mwenyewe, mara moja tu, bila miwani na bila kumwita jirani. Nakwambia hivyo kwa sababu najua mkikaa huko mnasema yule mzee ni wa kusomewa. Mimi darasani nilikaa miaka mitatu, hilo halifichiki, lakini kusoma nilijifundisha kwenye makopo ya mikanda ya filamu, na tangu nina miaka kumi na tisa hakuna karatasi iliyowahi kunishinda, iwe ya serikali, iwe ya daktari, iwe ya mwenye nyumba. Liweke hilo kichwani.

Unasema unatengeneza filamu juu ya ile picha ya mama yako dirishani, na unataka nikae mbele ya kamera nieleze ilivyopatikana. Umechelewa miaka ishirini, lakini afadhali umekumbuka. Wote waliotaka habari za picha ile walimwendea muongozaji, Bwana Kofia, Mungu amsamehe, mtu ambaye ukimpa kamera hajui mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Kazi yake ilikuwa kuvaa kofia na kusema rudieni. Akaenda kupokea tuzo, mimi nikabaki nafuta lenzi. Sura ile niliitoa mimi.

Chuoni walikufundisha kwa vitabu vinene. Mimi nakufundisha hapahapa kwenye karatasi. Ukitaka mtu aonekane mpweke, mpige kwa mbali, awe mdogo kama msumari ukutani. Ukitaka aogopwe, lala chini umpige kutoka usawa wa magoti. Ukitaka adharauliwe, panda ngazi. Lakini ukitaka watu waliomo ukumbini washikwe koo, sogea. Sogea mpaka uhisi aibu, kisha sogea tena. Mwili una nguo, una mikono ya kujificha nyuma yake. Uso hauna pa kukimbilia.

Siku ile mama yako machozi yalimgomea. Kofia akataka ampake kitunguu chini ya macho, kama mboga. Nikasema hebu nipisheni. Nikaweka jicho kwenye kamera nikamdanganya kidogo mama yako, kwamba kaka yako, aliyelazwa tangu jana yake kwa homa ya mapafu, ameondoka. Uongo wa palepale, ulinitoka kama chafya. Sura ikaja, nikaichukua, nikamwambia ni mchezo, akacheka. Kwamba jioni alipofika hospitali akakuta mtoto kweli amekufa, hiyo ni bahati mbaya, na mama yako ameamua kunitwisha bahati mbaya hiyo miaka arobaini.

Nakuja. Ila sharti langu ni moja: uso, karibu, upande wa kushoto, ndio wenye mifupa. Usinipige kwa mbali kama gunia.

Baba yako,
waliyemwita Jicho, na hawakukosea.


Tarehe 12 Machi

Shikamoo Baba,

Asante kwa kukubali. Mama yuko kwangu bado, chumba cha nyuma, anaamka mapema na anakohoa asubuhi. Hajambo. Nimemwambia nimekuandikia.

Sharti lako nimelisikia. Kabla hujaja naomba uniandikie ile siku nzima, tangu asubuhi mpaka mlipofunga vifaa. Mlianza saa ngapi, mlisubiri nini, mwanga uliingiaje, wewe ulikuwa unafikiria nini. Chuoni walimu wetu waligombana kuhusu kile kivuli kwenye shavu la Mama. Hakuna aliye hai anayeujua mwanga ule isipokuwa wewe.

Binti yako.


Tarehe 20 Machi

Binti yangu,

Hatimaye umeuliza swali la mtu aliyesoma.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja tu, linatazama magharibi, lina nondo nne. Jua lilikuwa linaingia saa tisa na nusu alasiri, na ikifika saa kumi limeshapanda ukutani limekwisha. Katikati hapo, kwa dakika chache, kivuli cha nondo ya pili kinapita usawa wa uso wa mtu aliyesimama. Itazame picha. Kivuli kimekata shavu la kushoto chini ya jicho, kama kovu. Walimu wako watasema ni jela, ni moyo uliofungwa, sijui nini. Waambie maana yake ni saa tisa na dakika thelathini na tano.

Kofia alitaka tupige asubuhi kwa taa. Nikamwambia taa ni za kuuzia sabuni. Tukasubiri. Wewe unajua kusubiri? Ninyi mnapiga picha mia mkitafuta moja, kama mtu anayetupa mawe gizani. Mimi tangu saa tano asubuhi nilikuwa nalijua neno nitakalomwambia mama yako. Nililibana mdomoni kama fundi cherehani anavyobana pini. Nilikula nalo chakula cha mchana. Mama yako amekaa mbele yangu, hana hamu, ananisogezea nyama yake kwenye sahani yangu, ananiuliza kama tutamaliza mapema akamwone mtoto. Nikamwambia tukipata sura moja tu nzuri, unakwenda. Akaitikia kwa kichwa akanywa maji. Mpiga picha gani wa siku hizi angeweza? Lingemponyoka kabla ya chai.

Saa tisa na dakika thelathini na tano kivuli kikafika. Nikasema, "Mtoto ameondoka." Sauti ya kawaida tu, kama unamwambia mtu asogee kushoto. Akageuka akaitazama kamera. Nilikuwa nimeshaanza kuzungusha lenzi, namsogelea. Sikutikisika hata unywele. Sekunde kumi na nane. Waonyeshe wanafunzi hiyo.

Nimetoa koti la kijivu sandukuni nimelianika.

Jicho, baba yako.


Tarehe 2 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, mara moja kwa sauti.

Njoo Jumanne tarehe 16, saa nne asubuhi, kwenye ile studio ya zamani. Siku hizi ni ghala la viti, lakini korido ndefu ya chini ipo wazi. Utakaa mwisho wake, kwenye kiti. Kamera itakuwa kushoto kwako, hatua moja. Taa yake nyekundu ikiwaka, anza. Mimi nitauliza, wewe utajibu ukiitazama. Usitazame pengine.

Koti la kijivu ni zuri.

Binti yako.


Tarehe 25 Aprili

Binti yangu,

Mgongo umetulia, sasa naweza kuandika. Kiti chako kilikuwa kibaya, na korido ina baridi, na ule mlango wa mbali mngeufunga badala ya kuuacha nusu wazi. Na yule aliyekuwa akikohoa kule mwisho, kama ni fundi wako wa sauti, mwambie aende akatibiwe au abadilishe kazi. Ameniharibia mahali pawili.

Mengine yote nimekupa, na hutayapata tena kwa mtu mwingine. Nimekaa nyuma ya kamera miaka arobaini na mitano, najua inakula nini. Uliponiuliza kuhusu kaka yako nikakupa machozi matatu, jicho la kushoto peke yake. La kwanza lilisimama kwenye kunyanzi, nikalisubiri lishuke ndipo nikaendelea kusema. Uliliona? Sikutumia kitunguu. Nilifikiria mbwa niliyekuwa naye nikiwa mdogo.

Swali la ile karatasi ndilo halikunipendeza. Mwana hamuulizi baba yake mbele ya kamera kama polisi. Nimekujibu na ninarudia, ili usije ukakata vibaya: mlinzi wa geti aliniletea karatasi ya hospitali saa tano, sikatai, yule mzee hana kazi nyingine siku hizi isipokuwa kukumbuka. Niliitia mfukoni. Mimi ni mtu wa madarasa matatu, siku hizo kusoma kulikuwa kunanishinda, tena mwandiko wa manesi. Niliifungua jioni tayari tunajua. Basi. Hapo pana kosa gani?

Niambie lini nitaiona sura yangu. Na usiweke muziki juu ya yale machozi.

Baba yako.


Tarehe 14 Mei

Shikamoo Baba,

Kamera iliyokuwa kushoto kwako ilikuwa tupu. Ile nyekundu ilikuwa taa tu.

Iliyokupiga ilikuwa upande wa pili wa korido, nyuma ya mlango ulioachwa nusu wazi, hatua sitini. Kwenye filamu wewe ni mdogo kama msumari ukutani. Ulinifundisha mwenyewe. Sauti yako ndiyo iko karibu, kila neno linasikika, lakini uso hauonekani, wala machozi, wala mbwa wako.

Aliyekuwa akikohoa ni Mama. Alikaa kwenye kiti karibu na kamera tangu ulipoanza mpaka ulipoinuka. Katikati nilimnong'oneza, nikamuuliza kama nisogee. Akasema, "Mwache hukohuko."

Cheti cha kifo cha kaka, ambacho Mama amekitunza, kinasema alifariki saa nne na robo asubuhi. Mlinzi anasema alikukabidhi karatasi saa tano, ukaifungua palepale getini, ukasimama nayo. Nilitaka kumwona ni mzee anayechanganya siku. Lakini wewe mwenyewe uliniandikia kwamba neno ulikuwa nalo mdomoni tangu saa tano. Na kabla ya hapo uliniandikia kwamba tangu una miaka kumi na tisa hakuna karatasi iliyokushinda, hata iwe ya daktari. Siku ile ulikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kwa hiyo hukumdanganya. Ulikuwa na habari ya mwanawe mfukoni ukala nyama yake, ukangoja jua.

Filamu inafungwa tarehe 30 Juni. Mwandikie Mama, kwa mkono wako, kwamba uliisoma. Ukifanya hivyo nitakuja na kamera yenye kitu ndani, nikupige uso, karibu utakavyo, na ndio utakaofunga filamu. Usipofanya, utabaki hatua sitini, kila ukumbi, hata mimi nikiwa nimeshakufa.

Binti yako.


Tarehe 20 Mei

Wewe,

Kamera tupu. Unajua ujanja huo ni wa nani? Ni wangu. Nilikuwa nawafanyia waigizaji waoga, wanaizoea kamera tupu, halafu nawawekea mkanda hawajui. Umeniibia kazi ukaja kunipigia nayo.

Hatua sitini. Mtu aliyewapiga marais na malaya uso kwa uso, wote wakatoka watu. Ungenitukana kwa maneno ningekusamehe, lakini kumpiga baba yako kwa mbali ni kumzika akiwa amekaa.

Na huo mdomo wa kila mara kaka, kaka, uuache. Hukumjua. Ulizaliwa miaka mitatu baadaye, na wacha nikuambie kitu ambacho mama yako hatakuambia: tulikuzaa uzibe nafasi. Hukuziba. Akakushika mkono akaondoka na wewe, mimi nikabaki na nyumba.

Sitaandika kitu. Mwambie.

Jicho.


Tarehe 2 Juni

Hujajibu. Jirani ameniuliza filamu yangu inatoka lini, nikamwambia bado inakatwa. Watanionyesha kidole pale ukumbini wasijue ni mimi. Yule mdogo kule mwisho ni nani, watauliza. Hutafanya hivyo. Nakujua.

Baba.


Tarehe 17 Juni

Kwako mama watoto,

Niliisoma. Haya.

Niliisoma pale getini nimesimama, herufi kwa herufi. Mwandiko wa nesi ulikuwa mzuri, wa kulala upande, wala haukunisumbua. Ulisema mtoto amefariki saa nne na robo, wazazi wafike. Niliikunja mara nne. Nikatazama jua likiwa wapi, nikahesabu mpaka saa tisa na nusu.

Usinitazame vibaya kabla hujamaliza kusoma. Ningekupa saa tano ungelia palepale getini, mbele ya mlinzi na baiskeli yake, kilio kama cha watu wote, kesho yake hakuna anayekikumbuka. Mtoto alikuwa ameshakufa, mbio zako zisingemwamsha. Mimi nilikungojea mwanga. Watu wasiojua hata neno moja la lugha yetu wamekulilia kwenye kumbi ambazo wewe na mimi hatutazikanyaga. Nani mwingine alimpa mkewe kitu kama hicho?

Halafu nikakwambia ni mchezo. Hilo nitalisema pia, maana binti yako anapenda kupekua, atalifikia. Kofia alibakiza picha ya wewe ukicheka mlangoni, ile ya mwanzo wa hadithi, na asubuhi ulikuwa umecheka kama mtu aliyebanwa na kiatu. Nikajua mwanamke aliyerudishiwa mtoto atacheka kicheko kisichofundishika. Ukacheka. Katika maisha yangu sijapiga kicheko kizuri kama kile. Kofia, mjinga yule, akakikata, na mkanda sijui ulikwenda wapi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Uso wa mtoto sina. Nimejaribu wiki hii nzima. Nakumbuka blanketi, la mistari. Sikuwahi kumpiga picha, mkanda ulikuwa wa kazi.

Nimeandika kwa mkono wangu, kama mlivyotaka. Mwambie binti yako alete kamera.

Jicho.


Tarehe 23 Juni

Baba watoto,

Herufi ndogo sizioni tena, kwa hiyo nimesomewa barua yako, na binti ndiye anayeniandikia. Nimemkataza kuongeza neno.

Nilikuwa najua. Siku ileile.

Uliposema, niligeuka nikutazame kama ni kweli. Mtu anayedanganya hutoa jicho kidogo nje ya kamera aone kama ameaminiwa. Wewe hukulitoa. Mkono wako ulikuwa unazungusha lenzi taratibu, unanisogelea. Nikajua mambo mawili kwa wakati mmoja, la mtoto na la kwako. Ile sura watu wanayoililia ni ya hilo la pili. La mtoto nililia baadaye, jikoni, nimekaa sakafuni, na hakuna aliyenipiga picha.

Kisha ukasema ni mchezo. Sijawahi kutaka kumwamini mtu kama nilivyotaka kukuamini wewe. Nikajilazimisha. Kwa muda wa saa mbili na nusu nilikuwa na mtoto mzima. Ndani ya hizo saa mbili na nusu nilikuchekea.

Kofia hakukikata kicheko. Nilimwendea nyumbani kwake nikamwomba mkanda, akanipa bila kuniuliza. Niliuchoma. Unawaka haraka sana, hujui.

Ahadi ya binti ipo. Atakuja Jumamosi, kamera itakuwa na kitu ndani, na uso wako utafunga filamu, baada ya ule wangu wa dirishani. Hatakuuliza swali. Hatasema anza, wala hatasema basi. Nimemwambia asogee mpaka ahisi aibu, kisha asogee tena.

Mama wa watoto wawili.


Tarehe 26 Juni

Binti yangu,

Jumamosi uje saa nane upate muda wa kupanga vitu. Dirisha langu linatazama magharibi, nondo tatu, jua linaingia saa tisa na dakika ishirini. Kioo nimekifuta ndani na nje. Kiti nitakaa cha kwangu.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea tangu juzi. Huzuni ninayo. Hasira ninayo. Majuto ninayo ya aina mbili, utachagua mwenyewe.

Ila tangu nisome barua ya mama yako shavu la kushoto limeacha kunitii. Linacheza lenyewe, chini ya jicho, hata nikiwa nimekaa tu sifikirii kitu. Nikilishika linatulia. Nikiliachia linaanza upya.

Nipige upande wa kulia.

Baba yako.